Nilimwambia Bi Salma Kwamba Amesahau

Mie ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka thelathini na minne. Naishi Mbagala Charambe na nina steshenari yangu ndogo. Natoa kopi, naprinti, nachapa barua za watu, napiga window, yaani naweka mfumo mpya, kwenye laptopu zao. Msinihurumie, wasomaji wenzangu. Siandiki haya kwa sababu nimeonewa... Mie ndiye niliyeonea!

Nina mdomo, hilo mtaa mzima wanalijua. Mteja akinikoroga namchamba mchana kweupe. Na nilikuwaga najisifu mbele za watu kwamba uongo siuwezi. Uongo siuwezi! Mungu anisamehe.

Bi Salma alikuwa jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Aliolewa na Mzee Kibwana, ambaye mke wake wa kwanza alifariki kwa saratani akaacha binti mmoja, Rehema, wa miaka kumi na miwili. Mnajua wenyewe watu wanavyowasema mama wa kambo. Lakini Bi Salma alimlea yule mtoto ungedhani kamtoa tumboni mwake. Rehema alimwita ma'mdogo, na hakuwa akimficha kitu.

Marehemu, alipojua kwamba haponi, alijirekodi sauti kwenye laptopu ya nyumbani. Sauti tisa. Kuna dua, kuna mawaidha, kuna visa vya utoto wake. Ya tisa ilikuwa ya kumuusia mwanawe siku ya harusi yake, na alimwambia asiifungue mpaka siku hiyo ifike. Zile nane Rehema alizisikiliza siku za sikukuu tu. Ya tisa hakuwahi kuigusa.

Rehema alipopata chuo, ile laptopu ikawa tatizo. Ilikuwa na window ya zamani mno, programu za chuo zinakataa kuingia. Bi Salma akaamua kumfanyia mtoto sapraizi, akaileta kwangu bila kumwambia.

Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akaiweka laptopu kaunta taratibu, kwa mikono miwili.

"Mwanangu, niwekee window mpya. Ila humu mna sauti za marehemu, mama yake Rehema. Chonde chonde, zisiguswe."

"Ondoa shaka, mama. Hii kwangu ni kama kunywa maji!"

Pale dukani tuna utaratibu. Kila mashine inayoingia nabandika karatasi juu ya kifuniko, naandika jina la mwenyewe na kazi, zisije zikachanganyika. Nikaandika kwa mkono wangu: BI SALMA. WINDOW MPYA. SAUTI ZA MAREHEMU ZISIGUSWE. Nikaibandika kwa solotepu.

Siku ile duka lilijaa, watu wanataka kuprinti fomu za ajira. Nikachomeka flashi, nikaanza kazi. Ikagoma! Ikaniandikia kwamba window haiwezi kuwekwa kwenye diski hii. Nikazima, nikawasha. Ikagoma. Nikabadilisha flashi. Wapi! Nikaingia kwenye setingi, nikageuza hiki, nikageuza kile... bado.

Shida yake niliijua. Diski ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa zamani, na window mpya inataka mtindo mwingine. Njia ya haki ilikuwa kuhamisha kwanza vitu vyote kwenye diski ya pembeni. Diski hiyo ninayo, ilikuwa kwenye droo, magotini pangu kabisa! Njia ya mkato ni kufuta. Diski ya Bi Salma ilikuwa na vyumba viwili, na sauti zilikuwa kwenye cha pili. Nikafuta cha kwanza. Ikagoma tena. Hasira zimenipanda, mteja mmoja ananiita "dada, dada, dada", mtu wa kopi naye ananuna... Nikafuta na cha pili.

Ile karatasi ilikuwa wapi? Palepale juu ya kifuniko. Lakini kifuniko kilikuwa wazi, maandishi yamewaelekea wateja. Wao walikuwa wanayasoma, mie siyaoni.

Window ikakubali papo hapo, nikashangilia kama mjinga. Na mie nina mazoea: ukipiga window kwangu nakupa nyongeza. Nikamjazia Bi Salma muvi na taarabu mpaka diski ikakaribia kufurika. Zawadi ya jirani! Kisha nikafunga kifuniko, karatasi ikanitazama.

Jamani! Nikaitafuta programu ya kurudisha vitu vilivyofutwa, nikaiendesha. Majina ya sauti yalirudi yote tisa, nikamshukuru Mungu. Nikabonyeza la kwanza, kimya. La pili, kimya. Mpaka la tisa! Muvi zangu zilikuwa zimekalia mahali pa sauti za marehemu. Nisingekuwa na ukarimu wangu wa kujionyesha, huenda zingepatikana.

Nikaibandua karatasi, nikaitia kwenye droo. Bi Salma alipokuja nikampa mashine yake kama kazi imekwenda salama. Alinishukuru akaniombea dua.

Kesho yake wakaja wote wawili, Rehema macho yamemvimba. "Anti, sauti za mama ziko wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu! Lakini nikawaza wateja, nikawaza jina langu, nikasema kwamba nilimuuliza ma'mdogo wake kama kuna cha kutunza, akaniambia nianze upya kila kitu.

Bi Salma akanikodolea macho. "Mwanangu, si nilikwambia? Si uliandika, nikiona?"

Nikamjibu kwa upole, upole wa kinafiki ambao sikuwahi kuujua kwangu. "Labda umesahau, mama."

Mtaa ukapata la kusema. Si mama wa kambo huyo! Kamwonea wivu hata marehemu! Rehema akahamia hosteli, akaacha kupokea simu za Bi Salma. Mzee Kibwana akaacha kula chakula anachopika mkewe. Na mie nikawa naitikia kwa kichwa, natoa kopi.

Siku moja Bi Salma alikuja dukani peke yake. Akaniuliza, bila ugomvi, siku ile alisema nini hasa. Alidai kila akikumbuka anakumbuka amenionya, lakini wote wanasema sivyo, sasa anaogopa huenda akili yake inamtoka. Alikuwa ananiomba, wasomaji! Na mie nikarudia, "Umesahau, mama."

Akatikisa kichwa, akaenda kumwomba Rehema msamaha kwa kosa ambalo hakulitenda. Hakusamehewa. Haukupita muda Mzee Kibwana akampa Bi Salma talaka, naye akarudi kwa kaka yake kule Kimbiji.

Miaka miwili nilikaa na ile karatasi kwenye droo. Kwa nini sikuichoma? Hata sijui. Ikakaa humo hadi Rehema alipokuja kuchapisha kadi za harusi yake. Nikaandika jina la baba yake, kisha nikamuuliza la mama.

"Ndiyo hapo sasa, anti," akasema. "Mama kafariki, na ma'mdogo tumetengana. Mama niandike nani?"

Nikaacha kuchapa. Nikavuta droo, nikampa karatasi. Mwandiko wangu aliujua. Nilingoja anitukane, anipige hata. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Ile ya tisa... hata wewe hukuisikiliza?"

Nikasema sikuisikiliza. Akalia mpaka wateja wakaondoka wenyewe.

Jumapili tukaenda Kimbiji pamoja. Tulimkuta Bi Salma uani anamenya mihogo. Nikapiga magoti, nikaungama lote, nikampa karatasi. Akaisogeza mbali na macho ili aisome. Akaisoma tena.

"Kumbe sikusahau," akasema. "Rehema, mwanangu... kumbe sikusahau!"

Pembeni yake palikuwa na daftari. Rehema akalifungua, nami nikaona. Nimezima jiko. Nimesali adhuhuri. Mlango nimefunga mie mwenyewe. Miaka miwili mama wa watu alikuwa anaandika kila anachofanya, kwa kuogopa kichwa chake, kwa sababu yangu!

Nilipomwomba msamaha alinijibu, "La mashine nimekusamehe, mkono huteleza. Hili la kuniambia nimesahau, niache nalo kwanza." Nimemwacha nalo. Mpaka leo nasubiri.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Ukiharibu kazi ya mtu, mwambie siku hiyohiyo, akutukane, akuvunjie kaunta, yaishe. Usimtwike mwenzio kosa lako kwa sababu tu watu wako tayari kuamini kwamba yeye ni mbaya.

Kadi za harusi nilizichapa mie, kwenye nafasi ya mama nikaandika Bi Salma. Siku ya harusi yeye ndiye aliyemuusia Rehema, nasikia watu walilia. Nasikia tu. Katika kadi zote nilizochapa, yangu haikuwamo.