Msomaji wa Kwanza wa Bi Kazija

Kila siku baada ya sala ya alasiri, nyumba ya Bi Kazija pale mtaa wa Malindi ilianza kutoa mlio. Tak-tak-tak, kisha kengele ndogo, ting! Halafu tak-tak-tak tena. Majirani waliokaa kwenye baraza za uchochoroni walijua kwamba mwalimu ameshaketi mbele ya taipureta yake, anaandika.

Bi Kazija alikuwa bado kijana, hajatimiza miaka thelathini. Asubuhi alisomesha skuli. Mchana alirudi akapika, akala, akajinyoosha kidogo mkekani. Alasiri aliandika hadithi za vijana. Mbali na hayo alikuwa na mapenzi mawili makubwa: senema za Kihindi na michezo ya redio. Senema akiipenda, aliitazama hata akajua nyimbo zake zote, ingawa Kihindi chenyewe hakukijua. Na mchezo wa redio ukifika pahala patamu, alisimama katikati ya jiko na upawa mkononi, macho ameyatoa, mpaka wali ukashika moto.

"Shangazi, wali!" alipiga kelele Mwanakheri.

"Ngoja kwanza, mwanangu, anataka kumtambua ndugu yake!"

Wakala wali wenye ukoko mweusi, na Bi Kazija akacheka peke yake.

Mwanakheri alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wazazi wake walikuwa Jambiani, naye aliletwa mjini akae na shangazi yake ili asome. Alifagia ukumbi, aliosha vyombo, na alipanga foleni ya sukari siku sukari ilipokuja dukani. Lakini kazi aliyoiona ni yake hasa ilikuwa kusoma. Karatasi ikitoka kwenye taipureta, mtu wa kwanza kuisoma alikuwa yeye.

Kitabu cha kwanza cha Bi Kazija kilikuwa kimeshatoka, nacho kilizungumza juu ya msichana wa Bububu aitwaye Kurwa. Kurwa huyo alikuwa hashikiki. Usiku wa mvua kubwa ya masika, mama yake alipopatwa na uchungu, Kurwa alitoka mbio peke yake gizani kumwita mkunga, akavuka mto uliofurika kwa kushikilia mzizi wa mti. Wanafunzi walikipenda kitabu hicho mpaka kikachakaa. Nakala moja ilizunguka madarasa yote, jalada likang'oka, likashonwa kwa uzi. Wasichana walifunga ushungi kwa fundo la nyuma kama Kurwa, na wakati wa mapumziko waligombania nani awe Kurwa na nani awe mto.

Kwa hiyo ilipojulikana kwamba kitabu cha pili kinaandikwa, Mwanakheri hakupumzika.

"Haya tuambie," alisema rafiki yake Sichana, akimvuta mkono. "Kurwa anafanya nini safari hii?"

"Sijamaliza kusoma," alijibu Mwanakheri, naye moyoni aliona raha kuulizwa.

Bi Kazija alimaliza kuandika mwezi wa Shaabani. Mwanakheri alikaa kwenye kizingiti cha dirisha, akasoma kutoka karatasi ya kwanza mpaka ya mwisho. Kila alivyoendelea, ndivyo furaha yake ilivyopungua. Kurwa huyu alikuwa mwingine. Karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi ziliibiwa kijijini, lakini Kurwa hakwenda popote. Alikaa ndani akidarizi kofia, akasema "Ndiyo, mama" na "Ndiyo, mjomba." Mjomba wake ndiye aliyemfuata mwizi, ndiye aliyemkamata, na ndiye aliyetoa mawaidha marefu. Mwanakheri alipiga miayo. Akaona haya, akaziba mdomo.

Alijua mambo hayo yametoka wapi. Miezi kadhaa nyuma, mwalimu mmoja alimwambia Bi Kazija kwamba Kurwa ni mtundu kupita kiasi, na kwamba watoto wa kike watamwiga wakose adabu. Siku hiyo Bi Kazija alirudi nyumbani hana raha. Hakufungua redio. Mwanakheri alimwona akifuta macho kwa ncha ya kanga, naye akajifanya hakuona.

"Enhe?" Bi Kazija alikuwa amesimama mlangoni, vidole vimeingia wino wa utepe wa taipureta, uso umechoka. "Umekionaje?"

Mwanakheri alimtazama. Aliikumbuka ile kanga na yale machozi.

"Kizuri, shangazi," alisema. "Kizuri mno. Kimekipita cha kwanza."

Bi Kazija akavuta pumzi, akamkumbatia. "Alhamdulillahi! Mwenzio nilikuwa na wasiwasi. Basi Machano akienda Dar es Salaam atanichukulia, akifikishe kwa wachapaji."

Mwalimu Machano alikuwa akisomesha pamoja na Bi Kazija, na safari yake ilikuwa karibu.

Uongo ule haukukaa kimya. Kesho yake kwenye foleni ya sukari Sichana alimbana tena, na wasichana wengine wakamzunguka. Mwanakheri angewaambia nini? Kwamba Kurwa anadarizi kofia? Akafumba macho, akaanza kubuni.

"Karafuu zimeibiwa," alisema. "Basi Kurwa akaingia ndani ya tenga tupu la machungwa, juu ya paa la gari la Bububu. Kumbe mwizi naye amepanda gari lilelile, amekaa juu, kaliegemea tenga!"

"Yarabi!" Sichana alishika mashavu. "Akapiga chafya?"

"Karibu apige!"

Wanawake waliokuwa mbele kwenye foleni waligeuka kusikiliza. Mtu mmoja zamu yake ilimpita asijue. Mwanakheri alirudi nyumbani na sukari yake akiwa amejaa sifa, lakini alipoliona lile bunda la karatasi juu ya meza, limefungwa kwa kitambaa safi, aligeuza uso akaipeleka sukari jikoni.

Siku ya safari ya Mwalimu Machano ilifika. Asubuhi hiyo Sichana alipita kumchukua Mwanakheri waende skuli, akamkuta Bi Kazija ukumbini akinywa chai.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

"Nshakunywa, ahsante. Bi Kazija, kitabu hicho kitatoka lini? Mimi sipati usingizi kwa lile tenga!"

"Tenga?"

"Lile la machungwa. Kurwa alilojificha juu ya gari."

Bi Kazija aliweka kikombe chini, akacheka. "Umechanganya, Sichana. Hiyo itakuwa senema uliyoiona. Kwangu hamna tenga."

Sichana alimgeukia Mwanakheri. Mwanakheri alitazama miguu yake. Angeweza kunyamaza. Shangazi yake alikuwa ameshapata jibu, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Hapo hapo mlango ukagongwa.

"Hodi! Hodi hapa!" Ilikuwa sauti ya Mwalimu Machano. "Bi Kazija, nnakwenda bandarini. Uko tayari mzigo wako?"

"Uko tayari! Karibu!" Bi Kazija aliinuka, akalichukua lile bunda kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Mwanakheri aliona kitabu kinaondoka. Aliwaza wasichana wa skuli wakikifungua kwa hamu, wakiifunua karatasi moja baada ya moja kumtafuta Kurwa, wasimwone. Kisha aliwaza shangazi yake akiyasikia hayo kwa watu wengine, siku ambayo hakuna cha kufanya tena.

"Shangazi!" Sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Usimpe!"

Bi Kazija alisimama. "Una nini?"

"Nilikudanganya." Machozi yalikuwa yameshaanza. "Nilisema kizuri, na mimi sikukipenda. Kurwa si Kurwa. Kila kitu anafanya mjomba. Nilipiga miayo, shangazi. Na lile tenga nililibuni mimi, kwa sababu niliona haya kuwaambia wenzangu kwamba Kurwa amekaa ndani."

Mwalimu Machano, aliyekuwa ameshaingia hatua moja, alirudi nyuma taratibu akasubiri nje. Sichana alishika mkoba wake kwa nguvu.

Bi Kazija alilitazama bunda, akamtazama mtoto. Uso wake ulibadilika. Halafu alikwenda mlangoni.

"Machano, niwie radhi kwa kukusumbua. Mzigo haujawa tayari."

"Hapana neno," alijibu Mwalimu Machano. "Nitakwenda tena, inshallah."

Siku hiyo Mwanakheri hakusikia somo hata moja. Aliporudi, alasiri ilipita na taipureta haikulia. Bi Kazija alikaa chumbani mlango umefungwa. Mwanakheri aliosha vyombo vilivyokuwa safi, akafagia ukumbi uliokwisha kufagiwa. Aliomba Mungu shangazi yake amkaripie, maana kukaripiwa kungekuwa nafuu kuliko kimya kile.

Magharibi ilipokaribia, mlango ulifunguka.

"Mwanakheri!"

"Naam, shangazi!"

"Njoo na penseli."

Bi Kazija alikuwa amezitandaza karatasi zote juu ya mkeka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini aliupiga mkeka kwa kiganja kumwonyesha pa kukaa.

"Imeniuma, sikufichi," alisema. "Sasa nionyeshe. Wapi ulipiga miayo?"

Mwanakheri aliogopa kwanza, kisha akaweka alama ndogo. Kisha nyingine. Walisoma pamoja mpaka kufika ile hotuba ya mjomba, na hapo Bi Kazija mwenyewe akapiga miayo, mdomo wazi mpaka jino la mwisho. Walitazamana. Wakaangua kicheko hata jirani akauliza kupitia dirishani kuna nini.

Kitabu kiliandikwa upya, na kazi hiyo haikuwa rahisi. Ramadhani ikapita, Sikukuu ikapita, taipureta inalia. Mwanakheri alisoma kila karatasi, akasema anachokiona: hapa nimecheka, hapa sikuelewa, hapa Kurwa asingesema hivi. Alijifunza kusema bila kuumiza, na bila kuficha. Alipotaka lile tenga liingizwe, Bi Kazija alikataa. "Hilo ni lako. Siibi." Kurwa mpya alimfuata mwizi kwa njia nyingine, kwa akili zake mwenyewe, na mama yake alimgombeza kwa kutoaga, kama mama yeyote angefanya.

Kabla ya kukipeleka, Bi Kazija aliwasomea wasichana wa darasa la Mwanakheri sura tatu. Kengele ya kwenda nyumbani ililia. Hakuna aliyeinuka. Sichana alikuwa amesimama juu ya benchi bila kujijua.

"Endelea, mwalimu!" walisema kwa pamoja. "Usituache hapo!"

Jioni ile Bi Kazija alimchukua Mwanakheri Forodhani. Walinunua mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, wakakaa kwenye ukuta wa pwani, miguu inaning'inia.

"Nataka kukushukuru," alisema Bi Kazija. "Watu wengi wamenisifu, nami nawashukuru wote. Lakini sifa zako zile za kwanza zingenitia aibuni, nami nachekelea tu. Ukimpenda mtu, mwambie kweli. Mwambie kwa adabu, na mwambie mapema, kabla mzigo haujaingia melini."

"Niliogopa utalia tena, shangazi."

"Na nililia. Nikanyamaza, nikafanya kazi. Machozi yanakauka, mwanangu, lakini kitabu kikishachapwa ndiyo basi." Alimega muhogo, akampa kipande kikubwa. "Na mimi nimejifunza. Nilikuuliza, lakini uso wangu ulikuwa unakuomba unisifu. Anayetaka kweli lazima amfanye mwenzake asiogope kuisema."

Mwanakheri alikula muhogo wake, pilipili ikimtoa machozi. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba asubuhi ile sauti yake haikumsaliti. Kisha akamwegemea shangazi yake, wakarudi kuizungumza sura ya nne, ambayo wote wawili walikubaliana kwamba bado ni ndefu kidogo.