Pundamilia Mwenye Tumbo Kubwa

Kila Ijumaa baada ya masomo, Mwalimu Wepukhulu hutubandikia ukutani picha za pundamilia wa mbugani. Shule yetu iko Silanga, Kibera, na sisi wa Chama cha Wanyamapori humpa kila mnyama alama: moja kwa aliyekonda, tano kwa aliyenona. Ijumaa ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho ya mashindano. Mshindi angekwenda mbugani na watafiti, na nafasi ilikuwa moja tu.

Niliitaka nafasi ile kuliko chakula. Miaka miwili niliongoza, hadi Nereah alipohamia kwetu kutoka Kawangware. Hakosei huyo! Wenzangu walipompigia makofi, mimi nilijifanya nafunga kamba za viatu. Nasema kweli, nilimwonea wivu mpaka nikakosa usingizi.

Picha ya mwisho ilikuwa ya pundamilia mwenye tumbo la mviringo. "Huyu ameshiba," nikawaza, nikaandika nne. Mimi ndiye niliyekusanya karatasi. Kumbe Nereah ameandika mbili! Nikajua ni yeye aliyepatia. Nikajibanza nyuma ya kabati, nikatoa raba. Yangu nikaifanya mbili, yake nikaifanya nne.

Mwalimu alisahihisha, akaturudishia. "Amondi peke yake ndiye aliyepata. Hebu tueleze, kwa nini mbili?"

Nilisimama. "Kwa sababu... tumbo lake..."

"Tumbo lake lina nini?"

"Ah, Amondi, si useme tu!" mwenzetu Shivachi akanicheka.

Nereah aliitazama karatasi yake, pale palipofutwa. Kisha akanitazama mimi. Hapo nikashindwa.

"Mwalimu, nilizibadilisha. Mbili ni ya Nereah."

Mwalimu akamwomba Nereah aeleze.

"Baba yangu huuza nyama pale kituo cha Kawangware 56," akasema. "Akinunua mbuzi haangalii tumbo. Tumbo hujaa nyasi hata kama mnyama amekonda. Hupapasa mgongo, kwa sababu mafuta hukaa mgongoni na kwenye nyonga. Huyu pundamilia mifupa ya nyonga imechomoza."

Nilimwomba msamaha huku machozi yakinitoka.

"Si ungeniuliza tu?" akasema. "Ningekuonyesha."

Mwalimu aliniwekea mkono begani. "Amondi, wivu haumkondeshi unayemwonea. Unakukondesha wewe. Leo ulijijaza tumbo kwa alama za mwenzako, lakini mgongoni hukuwa na kitu."

Nereah akaenda mbugani. Jumamosi iliyofuata alinichukua, tukafuatana na baba yake kununua mbuzi. Wa kwanza alikuwa na tumbo kubwa ajabu. Sikulitazama. Nilipeleka mkono mgongoni.