Breki za Kuazima kwa Klachi

Pedali ya breki ilizama mpaka sakafuni bila kugusa kitu. "Shikeni!" muuza vipuri alipiga kelele, na gari lilikuwa limeshaanza kushuka mlima.

Ilikuwa njia ya zamani ya machimbo, mawe matupu. Waliishika kwa sababu daraja la barabara kuu lilikuwa limezolewa na mafuriko. Kushoto ukuta wa mwamba, kulia korongo. Aliisukumiza gia ya kwanza, injini ikalia kama mnyama aliyekabwa koo. Akavuta breki ya mkono, waya ukakatika. Hakubaki na njia nyingine ila kuliegemeza gari kwenye mwamba. Bati likasagika, kioo cha pembeni kikaruka, cheche zikamwagika dirishani, mwishowe gurudumu la mbele likagota kwenye jiwe na gari likasimama kwa kishindo.

Mkewe, mkunga kwa kazi, aligeuka nyuma kwanza. Mama mkwe wake alikuwa amejikunyata kwenye kona ya kiti, damu ikimchuruzika usoni.

"Nipo," bibi kizee alisema. "Msinizike bado."

Mkunga alichana upindo wa gauni lake akamfunga jeraha. Kisha akaushika mkono wa mumewe. Usukani ulikuwa umezunguka ghafla ukamvunja kifundo cha mkono, na tayari kilikuwa kimevimba. Aliuviringishia gazeti, akaukaza kwa mkanda.

"Maji?" mumewe aliuliza.

Dumu lilikuwa limepasuka kwenye buti. Yaliyosalia hayakujaza hata chupa. Simu hazikushika mtandao. Chini kabisa bondeni paa la bati lilimetameta, kambi ya watengeneza barabara, lakini mama mkwe alikuwa na nyonga mbovu, hata kwenda sokoni hushikwa mkono.

"Angalia magurudumu," mumewe alisema. "Palipovuja patakuwa pameloa."

Mkunga alitambaa chini ya gari. Magurudumu yote manne yalikuwa makavu. Alipapasa mabomba kwa vidole, nayo makavu. Alifungua boneti: kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa kitupu. Akaingiza kichwa chini ya dashibodi, na hapo akaona. Mafuta yalidondoka taratibu kwenye fimbo ya pedali, kutoka kitako cha masta silinda, pampu inayosukuma mafuta kwenda kwenye breki. Zulia lilikuwa chepechepe. Rangi ya bati ilikuwa imemenyeka kama ngozi iliyoungua. Mafuta ya breki hula rangi, lakini si hivyo kwa safari moja.

Mkono wake, ukitafuta pa kujishikiza, ukagusa chupa chini ya kiti cha dereva. Mafuta ya breki, yamebaki kidogo tu, na shingoni imefungwa tambara la kufutia.

"Hii nini?"

Mumewe alitazama pembeni.

"Nakuuliza, hii nini?"

"Nilikuwa naongeza."

"Unaongeza!" Sauti yake iligonga mwamba ikarudi. "Masta inavuja, wewe unaongeza! Mama yako umempakia nyuma, mimi umenikalisha mbele, unaongeza! Na dukani kwako mipira ya masta imejaa rafu nzima!"

"Nilitaka tukirudi tu..."

"Kazi yangu ni kuwaambia watu mficha uchi hazai. Kumbe nimelala na mficha breki!"

"Mwanangu," mama mkwe alidakia kutoka kiti cha nyuma, "mkeo akikuzaba kibao, mimi macho yangu hayaoni vizuri."

Mkunga aliokota jiwe akalivurumisha korongoni. Akaokota jingine. Kisha akaanza kushuka kwa miguu, peke yake, akikanyaga kwa visigino. Alipofika kwenye kona aliligeukia gari. Jua lilikuwa la utosi. Kwenda kambini na kurudi na watu, bibi kizee angekuwa amekauka. Akageuka, akarudi.

"Haya sema. Nifanye nini?"

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote: mikono mizima ilikuwa yake, na ujuzi ulikuwa wa mtu ambaye yeye alitamani kumsukuma korongoni.

"Masta ya klachi ni hiyo ya pembeni," mumewe alisema. "Upana ni uleule. Toa mipira ya klachi, itie kwenye breki."

"Na klachi?"

"Hatutakuwa nayo. Kushuka tutashuka. Bila breki ndiyo hatufiki."

Alifungua nati za masta zote mbili kwa spana, ngozi ya vidole ikibaki kwenye chuma cha moto. Alikinga mafuta ya klachi kwenye kikombe, tone kwa tone. Alibana kwa koleo kipete cha chuma kinachozuia pistoni, akagonga silinda kwenye ubao, pistoni ikachomoka. Mpira wa nyuma wa breki ulikuwa umechanika mdomo. Alimtupia mumewe kifuani, akatoa mipira mizima ya klachi.

"Osha silinda kwa mafuta yaleyale ya breki," alisema mumewe. "Usiguse petroli, itavimbisha mipira. Na mdomo wa mpira uangalie mbele."

Alifanya haraka, kwa hasira. Walipofunga, mama mkwe aliburutwa mpaka kiti cha dereva.

"Kanyaga, mama!"

Pedali ikazama tena kama imekanyagwa hewani.

"Umegeuza mpira," mumewe alisema polepole.

Mkunga aling'ata mdomo. Alikuwa amesikia maneno, hakuyasikiliza. Akafungua upya, na safari hii alimwonyesha mumewe kila kitu kabla ya kukirudisha. Kisha akaingia chini, gurudumu baada ya gurudumu, kutoa hewa iliyoingia kwenye mabomba.

"Kanyaga! Shikilia! ... Achia!"

"Nilizaa watoto sita kwa kelele ndogo kuliko hizi," mama mkwe alilalama, lakini alikanyaga. Mwanawe alijaza kikopo kwa mkono wa kushoto. Mafuta yakatoka na mapovu, kisha bila mapovu, na pedali ikasimama katikati, ngumu.

Maji yakaisha hapo. Bibi kizee ndiye aliyepewa funda la mwisho.

Mkunga alilifukua lile jiwe lililozuia gurudumu kwa nondo ya jeki, akashika usukani mwenyewe. Aliweka gia ya kwanza, akawasha. Gari likaruka kama punda aliyechomwa mwiba, likaondoka. Kona ikawajia, korongo likafumbuka mbele ya boneti. Alikanyaga. Gari likatii.

"Inashika!" mumewe alisema, machozi yakimlengalenga.

"Nyamaza."

Alishuka hivyo mlima wote, meno yamekazana, mguu haubanduki. Kambini alikanyaga mpaka injini ikajizimia yenyewe mbele ya watu wenye sepetu mikononi. Wakamteremsha mama mkwe, wakaleta ndoo na kikombe.

Mama mkwe alikunywa akanawa uso. Mkunga alikunywa mpaka tumbo likamuuma. Mumewe alikuwa amekaa chini karibu na gurudumu, haombi kitu, mkono wake umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Mkunga alimsogelea. Akajaza kikombe, akachutama, akamshika kisogo, akamsogezea maji mdomoni.

"Kunywa," alimwambia. "Kunywa vizuri upate nguvu. Sijamaliza na wewe."