Nani Atamkamua Dezi Siku ya Kura?

Kosgei alikuwa mkamuaji katika shamba la mzungu mmoja karibu na Njoro. Kila siku, kabla ya jua kuchomoza, alivaa koti lake kuukuu la jeshi, akachukua ndoo, akaenda bandani. Ng'ombe wake walimjua kwa harufu ya koti hilo na kwa mluzi wake.

Ng'ombe wa maziwa ana kiburi chake, asikudanganye mtu. Aliyekuwa na kiburi kuliko wote ni Dezi. Mkono mgeni ukimgusa, Dezi alibana maziwa. Ukiendelea kumsumbua, aliipiga ndoo teke, na maziwa yakanywewa na ardhi.

Maziwa yakipungua, nyapara wa shamba, jina lake Micah, alikuja juu. Mkamuaji aliyemkasirisha mara nyingi alifukuzwa kazi. Na aliyefukuzwa kazi aliondoka na nyumba pia, maana nyumba na kishamba cha mahindi vyote vilikuwa vya mzungu. Kosgei alikuwa na mke, Chepchirchir, na watoto watatu. Angewapeleka wapi?

Mwaka huo ulikuwa 1957. Mwezi wa Machi, kwa mara ya kwanza, Waafrika wa Kenya wangepiga kura kuchagua watu wa kuwasemea katika Baraza la kutunga sheria. Si kila mtu aliruhusiwa. Waliosoma, wenye mali, waliotumika miaka mingi, hao ndio waliopewa kura. Wengine walipewa mbili, hata tatu. Kosgei alipewa moja, kwa sababu alikuwa askari katika vita vya Burma. Chepchirchir hakupewa hata moja.

Jumamosi moja ya Februari, Kosgei alikwenda dukani kununua chumvi na sukari. Duka lilikuwa la Obeid na mkewe Bi Kuluthum, watu wenye asili ya pwani. Obeid alikuwa mtu wa kupima na kufunga, maneno hakuwa nayo. Maneno yote alikuwa nayo Bi Kuluthum. Alikuwa na redio ya betri nyuma ya kaunta, na habari haikumpita.

"Bwana Kosgei, umejiandaa kwa kura?" aliuliza.

"Hiyo nimemaliza, Mama," Kosgei alijibu. "Ndugu yangu Kiprugut ataenda Nakuru na hati yangu ya kura. Si yeye huchukuanga posho yangu kila wiki?"

Bi Kuluthum aliweka chini kibaba cha chumvi.

"Posho ni unga, ndugu yangu. Unga hauulizi unaingia tumbo la nani. Kura ni neno la kinywa chako. Kiprugut akienda na hati yako atakamatwa, na wewe utakuwa huna kura. Mwenye hati huenda mwenyewe."

Kosgei alikuna kichwa. Hilo hakulijua, na aliona haya kidogo.

"Basi niache tu," alisema. "Nikienda Nakuru, nani atakamua? Dezi haiwezi kukubali mtu ingine. Maziwa ikipungua, nitafukuzwa. Na kura yangu ni moja tu. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Kweli. Lakini ukikikunja hicho chako, vingine vitamvunjaje?"

Obeid alicheka. Kosgei hakucheka. Mwenye shida hachekeshwi upesi.

"Mama, wewe unaona ni rahisi. Hiyo baraza iko mbali. Mimi niko na ng'ombe."

"Mbali?" Bi Kuluthum alisema. "Nikuulize. Burma ulikwenda kutembea?"

"Nilipelekwa vita."

"Walioamua vita walikuwa wapi? Hapa Njoro?"

"Hapana. Ulaya huko. Na Japani."

"Walikujua jina?"

"Hata kidogo."

"Basi umeona. Watu walikaa barazani mwao, mbali na hapa, wakaamua. Wewe mchunga ng'ombe wa Njoro ukachukuliwa ukapigwa risasi mguuni. Jambo linaloamuliwa barazani haliishii mlangoni mwa baraza. La kwao lilikufikia wewe. Na la kwetu litawafikia wengine."

Kosgei aligusa mguu wake bila kujua.

"Litawafikia nani?" aliuliza. Sasa alikuwa anasikiliza.

"Kaka yangu yuko Unguja. Wao watapiga kura yao ya kwanza Julai. Watu wa Tanganyika wako nyuma yao. Kuna watu wakubwa Ulaya wanaosema Mwafrika hajui kura, mpeni baada ya miaka mingi. Watatazama Kenya. Mstari ukiwa mtupu hapa Nakuru, watasema, mnaona? Hawaitaki. Na jibu hilo atapewa kaka yangu pia, na hakulitoa yeye."

Akaelekeza kidole kwenye redio. "Gold Coast, kule Afrika Magharibi, watajitawala mwezi ujao. Wao pia walianzia kwenye mstari wa kura."

Kosgei alirudi nyumbani na chumvi, lakini sukari aliisahau. Alimweleza mkewe kila neno. Moyo wake ulikuwa mzito. Kwenda alitaka. Kufukuzwa aliogopa.

Chepchirchir alikuwa anapeta maharagwe.

"Dezi anakujua kwa kitu gani?" aliuliza.

"Kwa koti. Na mluzi. Na mkono wangu."

"Koti hata mimi litanitosha. Mluzi nimeusikia mpaka umenichosha. Uliobaki ni mkono. Nifundishe."

Kosgei alitaka kukataa, lakini akakubali. Alikwenda kwa nyapara na kumwambia shida yake wazi, bila kuficha.

"Mimi pia niko na kura," Micah alisema. "Nitaenda Nakuru siku hiyo hiyo. Kama bibi yako anakamua ama wewe, mimi sitauliza. Nitauliza ndoo. Ndoo isipojaa, Kosgei, unajua mwenyewe."

Kesho yake Chepchirchir alivaa koti akaingia bandani. Kosgei alisimama kando. Dezi aligeuza kichwa, akanusa, akaipiga ndoo teke.

"Usimwendee haraka," Kosgei alisema. "Osha kiwele na maji ya moto kwanza. Mwache akuzoee."

Siku zilizofuata zilikuwa za mateke. Chepchirchir alivimba goti. Aliosha, alipiga mluzi, alingoja. Baada ya wiki moja Dezi alitoa maziwa kidogo. Baada ya wiki mbili alitoa yote, na alianza kumtazama Kosgei kama mtu asiye na kazi pale.

Siku ya kura ilifika. Kosgei aliondoka alfajiri kwenda Nakuru. Mstari ulikuwa mrefu na mtulivu. Walimu, makarani, watu wa reli, wazee wa mabaraza, kila mtu na hati yake mkononi. Zamu yake ilipofika aliingia peke yake mahali pa siri, akaweka alama, akaitumbukiza karatasi sandukuni. Ilikuwa kazi fupi kuliko kumkamua ng'ombe mmoja. Alipotoka nje aliutazama ule mguu wake wa risasi. Burma alitumwa na watu wasiomjua. Leo yeye ndiye aliyetuma mtu.

Aliporudi jioni, kitu cha kwanza aliuliza, "Dezi ametoa?"

"Ndoo imejaa," Chepchirchir alisema. "Micah ametoka Nakuru akachungulia, akaenda zake."

Julai watu wa Unguja walipiga kura yao. Bi Kuluthum alisikia redioni, akawagawia wateja wote kashata bure, Obeid akinung'unika. Mwaka uliofuata viti vya Waafrika katika Baraza la Kenya viliongezwa.

Kosgei alileta habari hiyo nyumbani. "Na sasa wale tuliowachagua wanadai kila mtu mzima apewe kura," alisema. "Mwanamume na mwanamke."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Chepchirchir akamwuliza, "Nikisimama kwenye mstari kutwa nzima, watoto watakula nini?"

Kosgei alitazama pembeni. Kwa desturi ya kwao mwanamume mzima hakai jikoni.

"Mimi nilijifunza ng'ombe wako kwa wiki mbili," mkewe alisema, akamnyooshea mwiko.

Ugali wake wa kwanza ulikuwa na mabonge makubwa. Watoto waliula kimya, kwa adabu. Chepchirchir alionja kidogo, akameza kwa shida.

"Kesho utapika tena," alisema. "Kura yangu isije ikakukuta hujajua."