Mikono Iliyoshika Usukani

Ijumaa ile ilianza kama Ijumaa zote za Kariakoo: jua kali, vipaza sauti vinashindana, duka la vitambaa la mzee Azzan limefurika wateja. Amjad, mwanawe wa miaka kumi na sita, alichukua ufunguo wa gari akasema anafuata chakula mtaa wa Gerezani. Leseni hana, lakini nani angemuuliza? Akaendesha huku anachungulia simu. Alipoinua macho, Hafidhi, mchukuzi wa mizigo, alikuwa tayari chini ya tairi. Amjad akakanyaga mafuta, akakimbia.

Hafidhi hakufika hospitali akiwa hai. Watu walikuwa wameshika namba za gari, kwa hiyo jioni ile dereva wa familia, Bakili, alijipeleka kituoni akasema ndiye aliyeendesha. Azzan alimwomba, na Bakili, aliyelelewa katika nyumba ile tangu utotoni, alishindwa kukataa. Ni aibu tupu, lakini ndivyo walivyofanya.

Mama yake Hafidhi, Bi Mwanamize, hakugombana na mtu. Alisomesha Albadiri, kile kisomo cha kumshtaki kwa Mungu aliyekudhulumu. Hakutaja jina. Alisema tu, "Mikono iliyoshika usukani." Azzan alipoambiwa alishusha pumzi. Kwa hesabu zake, aliyekiri ni Bakili, basi balaa lingemfuata yeye hukohuko rumande.

Kesho yake Amjad alishika kikombe cha chai, vidole vikagoma kuachia. Akavuta. Vikakaza zaidi. Kikombe kikapasukia kiganjani. Siku nyingine ikawa kitasa cha mlango, akaning'inia pale akilia kimyakimya. Maskini, akawa anaiogopa mikono yake mwenyewe.

"Baba, nikaseme ukweli," alinong'ona.

"Thubutu! Bakili keshakubali."

"Nilienda kumwona Bakili. Mikono yake haina kitu, baba."

Azzan aliinamia vitambaa vyake, akaendelea kupima.

Adhuhuri moja mama yake Amjad alimtuma ampeleke madrasa Zamzam, mdogo wake wa miaka mitano. Kwenye kuvuka barabara akamshika mkono bila kufikiri. Wakafika ng'ambo. Vidole havikuachia.

"Kaka, unaniumiza."

Akajaribu. Vikakaza. Vidole vya mtoto vikaanza kuwa vyeusi. Zamzam akapiga ukelele. Wauza viatu wakaja mbio, wakambandua kidole kimoja kimoja. Wapi! Kila walichokibandua kilirudi. Amjad akasikia pumzi kisogoni, baridi. Akageuka. Hakuna mtu.

"Ni mimi!" alilia. "Mimi ndiye niliyemgonga Hafidhi! Bakili hana kosa!"

Mikono ikafunguka.

Alikwenda kituoni kwa miguu yake, Zamzam kabebwa na muuza viatu mmoja. Akaeleza yote, na askari akaandika. Mkono wa mtoto ulikaguliwa. Haukuwa na alama hata moja.

Zamzam alimtazama kaka yake, kisha akatazama mlangoni.

"Kaka, yule aliyekuwa amekushika mikono mbona hakuingia?"

Amjad alikunja mikono ya shati lake polepole. Juu kidogo ya viganja vyake, kulia na kushoto, palikuwa na alama nyekundu za vidole vya mtu mzima, zimedidimia kwenye ngozi. Baadaye mama yake alizikanda kwa maji ya moto, akazipaka mafuta, akazisomea dua. Hadi leo hazijatoka.