Maji Yanayoonyesha Chini

Saitabau alikuwa mfugaji hodari, na mwenyewe alijua. Alitoka Simanjiro akahamia Singe, pembeni ya mji wa Babati, pamoja na mkewe Naiputa na binti yao Seleina wa darasa la tano. Asubuhi alikamua ng'ombe, Naiputa akapeleka maziwa mjini, jioni mifugo ikanyweshwa. Maisha yalikwenda.

Kwao Simanjiro maji ya lambo ni tope tupu. Mfugaji haingii mpaka atangulize fimbo kupima kina. Lakini Singe kulikuwa na shimo la zamani, lililochimbwa mawe ya kujengea. Maji yake yalikuwa meupe, na mawe ya chini yalionekana moja moja. Saitabau aliyapenda sana.

"Maji yanayoonyesha chini hayana siri," alikuwa akisema. "Fimbo ni ya maji ya tope."

Lo! Laiti angejua.

Jumamosi moja mabomba yalikauka mtaa mzima. Saitabau na Seleina wakaenda shimoni na ndoo. Walimkuta jirani yao, Eliakunda, ambaye watu walimwita Mama Allen. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuchimba mabwawa ya samaki.

"Shikamoo, Mama Allen," Seleina alisalimia.

"Marahaba, mwanangu."

Seleina akainama kuchota. Ndoo ikamponyoka. Ikaelea, ikasogea mbali kidogo na ukingo, ikajaa, ikazama. Saitabau akachungulia. Ndoo ile pale, imekaa juu ya mawe!

"Ingia uitoe," alisema. "Maji yatakufika kiunoni tu."

"Baba, naogopa."

"Unaogopa nini na chini unapaona? Ingia!"

Mama Allen alikuwa amewapa mgongo, anajaza dumu lake. Aliposikia hivyo akageuka haraka. "Baba Seleina, usimwingize!"

Alichelewa. Hatua ya kwanza, maji yalimfika Seleina magotini. Alipopiga nyingine hakukanyaga kitu. Kichwa kikazama. Mikono ikapigapiga maji, ikapotea.

Saitabau akapiga kelele. Hakujua kuogelea, lakini alitaka kuruka vivyo hivyo.

"Usiruke!" Mama Allen alimkamata mkono. "Mtakufa wote wawili! Lala chini, mrushie shuka!"

Saitabau akavua shuka lake la juu, akalala kifudifudi ukingoni. Mama Allen akamkalia miguu asiteleze. Saitabau akarusha. Shuka likaanguka mbali na mtoto. Akalivuta, akarusha tena.

"Seleina! Shika! Shika, mwanangu!"

Mkono ulitokea, ukagusa shuka, ukaliachia. Mungu wangu! Akarusha tena. Safari hii shuka likakaza. Wakavuta kwa nguvu zao zote mpaka mtoto akafika ukingoni. Alitapika maji, akakohoa, akalia. Saitabau naye alilia, mtu mzima, bila kujificha.

"Ulisema kiunoni," Seleina alimwambia.

Saitabau akamkumbatia.

"Twende zahanati," alisema Mama Allen. "Aliyezama ni lazima apimwe, hata akionekana mzima."

Mtoto alipimwa, wakaruhusiwa kurudi nyumbani. Naiputa alipopata habari alipandwa na hasira.

"Nimekuachia mtoto mmoja tu, unamtosa majini! Wewe ni baba gani?"

"Niliona chini, Mama Seleina. Naapa, niliona kwa macho yangu."

"Ni kweli aliona," Mama Allen aliingilia. "Ila jicho lilimdanganya. Nipeni bakuli na shanga moja."

Naiputa alikuwa akishona shanga, zilikuwepo tele. Mama Allen akaweka moja ndani ya bakuli.

"Baba Seleina, rudi nyuma taratibu. Ukiona ukingo wa bakuli umeficha shanga, simama."

Saitabau akarudi nyuma. "Sasa siioni."

"Usisogee." Mama Allen akamimina maji polepole.

"Ha! Naiona! Umeisogeza?"

"Sijaigusa. Sikiliza. Tunaona kitu kwa sababu mwanga unatoka kwenye kitu hicho, unafika jichoni. Hewani mwanga unakwenda kasi mno. Majini kasi yake inapungua, inabaki kama robo tatu. Kwenye kioo inapungua zaidi."

"Sawa, unapunguza mwendo. Lakini shanga imeonekanaje?"

"Wewe ni mfugaji. Ng'ombe wanatembea bega kwa bega, wakaingia kwenye tope kwa mshazari. Inakuwaje?"

Saitabau akafikiri. "Wa upande mmoja wanaingia kwanza, wanakwenda polepole. Wa upande mwingine bado wako pakavu, wanawahi. Safu nzima inageuka."

"Umenena! Mwanga nao, ukitoka majini kwa mshazari, unaongeza kasi na kupinda. Jicho halijui kwamba umepinda, linadhani umekuja moja kwa moja. Basi chini panaonekana pamepanda juu. Na ukitazama ukiwa kando, panaonekana pamepanda zaidi."

Naiputa alimtazama mumewe. Hasira ilikuwepo bado, ila sauti ilishuka. "Kwa hiyo wengine nao wanadanganyika pale kila siku."

"Kila siku," alisema Mama Allen. "Maji yote yanapimwa, ya tope na meupe. Jicho si kipimo."

Wiki ile Saitabau hakupumzika. Aliita majirani, wakakata miiba, wakazungushia shimo kama boma la ng'ombe. Wakaacha mlango mmoja, na ndani wakaweka ndoo yenye kamba ya kuchotea. Mlangoni wakaegemeza mti mrefu wa kupimia.

Siku moja akaja Jovin, fundi ujenzi mgeni, na binti yake mdogo. Familia yote ya Saitabau ilikuwa pale.

"Mzee, mnafungia kidimbwi?" Jovin alicheka. "Si napaona chini hapo!"

"Shika mti huo, upime," alisema Saitabau.

Jovin akauzamisha mti. Ukaenda, ukaenda. Ngumi yake ikafika majini, na chini bado. Kicheko kikaisha. Akamvuta binti yake karibu.

Seleina akamwinamia yule mtoto. "Usiingie humu. Mimi nilizama hapo hapo, na baba yangu alikuwa anapaona chini."

Saitabau alisikia kila neno. Aibu ilimchoma, lakini hakumnyamazisha. Alimshukuru Mungu kwamba mtoto yupo wa kuyasema.