Tone la Maji ya Jicho

Kila asubuhi Qabale aliuza maziwa ya ngamia mjini Isiolo. Jumanne hiyo hakuuza hata kikombe. Mume wake, Ganya, alifariki ghafla alfajiri, muda mfupi baada ya kunywa chai aliyompikia.

Yattani, kaka yake Ganya, aliwaambia polisi chai ilikuwa na sumu. Polisi wakapeleka mwili mochari ukachunguzwe. Lakini daktari alipotaka kupima macho, Yattani huyo huyo akasimama mlangoni.

"Haya macho niliyafunga kwa mkono wangu, kwa dua," alisema. "Hakuna wa kuyafungua. Mtayang'oa."

Qabale alikuwa amechoka naye. Tangu asubuhi alikuwa akimeza maneno.

"Shemeji, unaniita muuaji. Daktari anatafuta ukweli, wewe unaziba mlango. Chagua moja."

Yattani akasema anataka kuzika. Qabale akajibu kuwa hata yeye anataka, lakini atalea watoto namna gani akiitwa muuaji?

Jemimah, mhudumu wa mochari, akaeleza. Yattani aliuliza kama macho yatang'olewa, akarudia swali lile lile, naye akaeleza tena, hadi mara ya tatu. Jicho halitolewi. Daktari hufunua kope kuona kama kuna vidoa vyekundu, ambavyo huweza kutokea mtu akikabwa shingo. Kisha huvuta maji kidogo ya jicho kwa sindano nyembamba. Maji hayo hayaharibiki haraka kama damu, kwa hivyo huweza kuonyesha kama marehemu alikuwa na sumu mwilini, au sukari nyingi mno.

"Na macho?" Yattani akauliza tena.

Jemimah akashusha pumzi. "Mzee, yatabaki pale Mungu alipoyaweka. Utayafunga tena wewe mwenyewe, kwa dua yako."

Yattani akatoka mlangoni. Alasiri wakazika.

Wiki zikapita. Dada yake Qabale alipeleka maziwa sokoni, akarudi nayo. Hakuna aliyenunua.

Mwishowe majibu yakatoka. Vidoa havikuwepo, wala sumu. Maji ya jicho yalijaa sukari. Ile kiu iliyomsumbua Ganya siku zake za mwisho, na kwenda haja ndogo usiku kucha, kumbe ilikuwa kisukari. Hakuna aliyempeleka kupimwa.

Ijumaa, nje ya msikiti, Yattani alikiri mbele ya watu kwamba alimsingizia mke wa ndugu yake. Kisha akaja nyumbani kuomba msamaha.

"Mungu atakusamehe leo," Qabale alisema. "Mimi nipe muda. Lakini kesho, kabla ya chai, nenda ukapimwe sukari."

Alikwenda. Sukari yake ilikuwa imepanda, akaanza dawa mapema. Siku hizi hulalamika kwamba chai ya Qabale haina sukari. Qabale humwongezea kikombe kingine, vilevile bila sukari.